Chema Chajiuza Wapi? Mchicha, Cheti na Udongo wa Maine

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii ni methali ya sokoni, na imebeba ndani yake picha ya soko lenyewe: muuzaji na mnunuzi wanajuana kwa jina au angalau kwa mtaa, fungu la mchicha limetoka bonde lile pale, na anayedanganya leo atakutwa kesho ameketi kwenye mkeka uleule. Wema wa kitu huonekana kwa sababu asili yake inajulikana. Lakini iko aina ya wema ambayo jicho haliioni wala ulimi hauionji. Fungu la mchicha lililopigwa dawa ya wadudu wiki iliyopita na fungu lisilopigwa dawa huweza kufanana kwa rangi na kwa ubichi. Tena mara nyingi lile la kwanza ndilo lenye majani mazuri yasiyo na matundu. Kwa wema wa namna hiyo, chema hakijiuzi. Kinahitaji shahidi.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala mashuhuri kuhusu soko la magari yaliyokwisha kutumika. Hoja yake ni kana kwamba ameigeuza methali hiyo juu chini: mahali ambapo muuzaji anajua ubora wa kitu na mnunuzi haujui, mnunuzi hukataa kulipa bei ya kitu chema, mwenye kitu chema huondoka sokoni, na kibaya ndicho kinachobaki. Methali na makala havipingani. Kila kimoja kinazungumzia soko lake. Methali inazungumzia soko la watu wanaojuana; makala inazungumzia soko la wageni. Na anayehama kutoka soko la kwanza kwenda la pili hugundua kwamba wema alioubeba miaka yote mikononi mwake umekuwa bubu.

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, suala hili lina sura ya mwanamke mmoja wa makamo aliyezaliwa Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na sasa analima nusu ekari nje kidogo ya mji wa Lewiston. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Jembe alilitafuta mwenyewe. Lewiston ni mji wa viwanda vya nguo uliojengwa kando ya mto Androscoggin, na viwanda hivyo vilipokwisha kufungwa, mji ulipata wakazi wapya: Wasomali kuanzia mwaka 2001, kisha Wabantu wa Somalia, kisha Wakongo, Waangola na wengine. Miongoni mwa majirani zake shambani wamo wazee wanaosema Kizigua, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania na kupelekwa bonde la mto Juba. Kwa hiyo, katika shamba moja la Maine, Kiswahili cha Fizi na Kizigua cha Juba hukutana juu ya tuta moja, na watu huelewana zaidi ya walivyotarajia.

Kwanza ilimbidi ajifunze majira. Kwa mkulima wa Fizi mwaka hugawanyika kwa mvua. Kwa mkulima wa Maine mwaka hugawanyika kwa jalidi. Huko Lewiston jalidi ya mwisho huja katikati ya Mei au baadaye kidogo, na ya kwanza hurudi mwishoni mwa Septemba. Kati ya tarehe hizo kuna siku kama 130, na ndani ya siku hizo ndimo mkulima anamopaswa kukamata chakula na fedha za mwaka mzima. Kiswahili chenyewe huonekana kigeni katika hesabu hii. Masika, vuli, kipupwe na kaskazi ni majina ya mvua na pepo. Yakihamishiwa Maine hayana pa kutua. Vitabu vya shule vinatoa majira ya machipuko na majira ya mapukutiko, maneno mazuri, lakini mama huyu hayatumii. Yeye husema kabla ya baridi na baada ya baridi, na kwa kazi yake hayo yanatosha.

Mazao yake aliyachagua kwa kufuata hesabu hiyo. Mihogo haiwezekani, kwa hiyo sombe hununuliwa ikiwa imegandishwa. Nyanya chungu na bamia huanzishwa Aprili ndani ya kitalu nyumba, chini ya plastiki, na kuhamishiwa nje Juni udongo unapopata joto. Sukuma wiki hustahimili. Jalidi ndogo huifanya iwe tamu zaidi. Lakini mfalme wa shamba ni mchicha, ambao yeye, kama Wakongo wengi, anauita lengalenga. Siku 30 hadi 40 baada ya kupanda huvunwa, kisha hupandwa tena, na katika majira hayo mafupi ardhi ileile huzaa mara tatu. Wakulima wa zamani wa Maine huutazama mmea huu kwa mshangao, kwa sababu ndugu yake wa porini ni gugu wanalolijua vizuri, ambalo wao na baba zao wameling'oa maisha yao yote. Mkaguzi wa kwanza aliyetembelea shamba hilo aliuliza kwa adabu ni lini magugu ya matuta yale manne yataondolewa. Alijibiwa kupitia binti wa mwenye shamba kwamba yataondolewa Jumamosi, na yatauzwa kwa dola tatu fungu.

Sokoni kuna maswali ya aina mbili. Wateja wa Lewiston waliozaliwa Maine huuliza kama mboga ni za kilimo hai zenye cheti. Wateja wa Kongo, Burundi na Rwanda huuliza kwa namna nyingine:

"Mama, hii lengalenga ulitia dawa?"

"Hapana, baba. Ni samadi na maji tu."

Maswali hayo yanafanana, lakini hayaombi kitu kimoja. La pili linaomba neno la mtu. La kwanza linaomba neno la mtu wa tatu. Na katika swali la pili limo neno linalostahili kusitishwa kidogo. Kiswahili kinaita sumu ya wadudu dawa, kama kinavyoita kidonge cha malaria. Lugha ilipokea kemikali hizo kama tiba, kwa sababu walizileta watu waliozisifu kama tiba. Mbolea ya kiwandani iliitwa mbolea ya chumvichumvi, na jina hilo lilikuwa na tahadhari zaidi: lilitaja kilichoonekana mkononi. Baadaye likaja neno kilimo hai. Halitafsiri neno la Kiingereza moja kwa moja. Linasema jambo lake lenyewe, kwamba kilicho hai ni kilimo, yaani udongo na vyote vilivyomo, siyo tu kwamba zao halina sumu. Kwa maana hiyo Kiswahili kimekaribia zaidi mawazo ya waanzilishi wa harakati hii kuliko lebo nyingi zilizobandikwa kwenye vifungashio.

Waanzilishi hao walizungumza juu ya udongo kabla ya kuzungumza juu ya soko. Albert Howard, mtaalamu wa kilimo wa Uingereza aliyefanya kazi India na kuchunguza utengenezaji wa mboji huko Indore, alichapisha kitabu chake kikuu mwaka 1940. Mwaka 1943 Eve Balfour alitoa kitabu kilichoitwa kwa Kiingereza udongo ulio hai, na mwaka 1946 ikaundwa Soil Association. Huko Maine kwenyewe, chama cha wakulima na watunza bustani wa kilimo hai, MOFGA, kilianzishwa mwaka 1971 na ni miongoni mwa vyama vikongwe vya aina hiyo Marekani. Miaka hiyo ya mwanzo wakulima na wanunuzi walikuwa wachache, walijuana, na kila jimbo au chama kilikuwa na kanuni zake. Soko lilipokua, kanuni zikagongana. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwa na kiwango kimoja cha taifa.

Mwezi Desemba 1997 wizara ya kilimo ilitoa rasimu ya kanuni, na rasimu hiyo iliacha mlango wazi kwa mambo matatu: mbegu zilizobadilishwa vinasaba, vyakula vilivyopigwa mionzi, na matumizi ya tope la majitaka kama mbolea. Wananchi walituma maoni zaidi ya 275,000, mengi yakiwa ya hasira. Mambo yote matatu yaliondolewa, na kanuni mpya zikaanza kutumika kikamilifu Oktoba 2002. Ni muhimu kukumbuka kipengele hicho cha tope, kwa sababu miaka 20 baadaye kilirudi Maine kwa njia nyingine.

Cheti kinataka nini? Kinataka ardhi isiyoguswa na vitu vilivyokatazwa kwa miezi 36 kabla ya mavuno. Kinataka mpango wa shamba ulioandikwa, ukaguzi wa kila mwaka, na kumbukumbu zinazohifadhiwa miaka 5. Kinataka mbegu za kilimo hai pale zinapopatikana sokoni, na pale zisipopatikana, ushahidi kwamba zilitafutwa. Mama wa Lewiston alilazimika kuwapigia simu wauzaji wa mbegu kuwauliza kama wana lengalenga ya aina anayoitaka yeye, akijua hawana, ili aandike kwamba hawana. Tangu hapo huhifadhi mbegu zake mwenyewe, na kwa kuwa zimetoka shamba lenye cheti, mbegu hizo nazo zimekuwa za kilimo hai. Samadi mbichi haina budi kuchanganywa na udongo siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa ardhi. Katika nchi yenye siku 130 za kulima, kanuni hiyo ina maana moja: samadi mbichi huwekwa vuli ya mwaka uliotangulia, au isiwekwe kabisa. Anayetaka kurutubisha udongo wakati wa kiangazi atumie mboji iliyoiva kwa joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi, ikipinduliwa angalau mara tano katika siku 15, na kila kipimo cha joto kiandikwe.

Ni rahisi kuyacheka haya. Mwanamke aliyelima tangu utoto anaambiwa aandike alichokuwa akikijua kwa mikono. Wakosoaji wa cheti wamesema kwamba kinapendelea wenye karani na kompyuta, kwamba kinamtoza fedha asiyetia sumu na kumwacha anayeitia apite bure. Hoja hizo zina uzito. Gharama za shamba dogo ni mamia ya dola kila mwaka, hata kama mpango wa serikali umewahi kurudisha hadi asilimia 75 ya gharama hizo. Na sheria haimlazimishi mkulima mdogo: anayeuza mazao ya kilimo hai kwa kiasi kisichozidi dola 5,000 kwa mwaka anaweza kuyaita hivyo pasipo cheti, mradi afuate kanuni na asitumie nembo. Mama huyu angeweza kubaki chini ya mstari huo na kuuza kwa neno lake tu.

Alichagua cheti kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa bei, maana duka la ushirika lililotaka sukuma wiki yake lilitaka pia nembo. Ya pili alikuwa akiieleza polepole zaidi. Katika maisha yake alikuwa amebeba karatasi nyingi: kadi ya chakula, karatasi ya usajili wa wakimbizi, hati ya safari. Zote zilisema ametoka wapi na anastahili kupewa nini. Hii ilikuwa karatasi ya kwanza iliyosema ametenda nini. Daftari ambalo binti yake alilijaza kwa Kiingereza, naye akalinakili kwa Kiswahili katika daftari lake, lilimfunza pia jambo ambalo mikono haikumwambia: kwamba tuta la pili toka mtaroni lilikuwa likitoa pungufu mwaka hadi mwaka, na kwamba wadudu wa nyanya chungu walikuja baada ya wiki ileile ya Julai. Kumbukumbu zilizoandikwa kwa ajili ya mkaguzi zikawa za mkulima.

Hapo ndipo lilipokuja jambo la ekari ya pili. Jirani ya nusu ekari yake kulikuwa na shamba la majani ya mifugo ambalo halikuwekwa kemikali kwa zaidi ya miaka kumi, na mwenyewe alikuwa tayari kulikodisha. Miezi 36 ilikwisha kupita mara tatu. Kwa mujibu wa cheti, ekari hiyo ilikuwa safi, na yeye alikuwa ameshapanga iwe ya lengalenga yote, kwani mboga hiyo ndiyo iliyompa nusu ya mapato yake. Kisha mzee mmoja aliyekulia barabara ileile alisimama kwenye uzio na kusema kwamba katika miaka ya 1980 malori yalikuwa yakija hapo kumwaga tope.

Maine ilianza kuruhusu tope la majitaka na la viwanda vya karatasi kumwagwa mashambani katika miaka ya 1970, kama mbolea ya bure kwa wakulima na njia nafuu kwa miji ya kuondoa uchafu. Ndani ya tope hilo zilikuwemo kemikali za jamii ya PFAS, zilizotumika katika vikaango visivyonata, nguo zisizopitisha maji na karatasi za kufungia chakula. Kemikali hizo karibu hazivunjiki. Ndiyo maana zimepewa jina la kemikali za milele. Kuanzia mwaka 2016 ziligunduliwa katika mashamba ya ng'ombe wa maziwa ya jimbo hilo, na baadaye katika mashamba ya mboga, yakiwemo yenye cheti, ambayo wenyewe hawakuwahi kumwaga hata ndoo moja ya tope. Waliuziwa ardhi iliyokuwa na siri ya mtu mwingine. Mwaka 2022 Maine ikawa jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku umwagaji wa tope mashambani, na ikatenga dola milioni 60 kuwasaidia wakulima walioathirika.

Cheti hakikuwa kimedanganya. Kanuni zinakataza tope, na zinauliza juu ya miezi 36. Mawakala wa vyeti wanatakiwa kupima mabaki ya dawa katika angalau asilimia 5 ya mashamba kila mwaka, lakini kipimo cha PFAS hakimo katika masharti. Kanuni ziliandikwa kwa ajili ya sumu zinazosahaulika, na hapa ilikuwepo sumu isiyosahau.

Udongo ulipimwa, na maji pia. Maji yalikuwa salama. Udongo ulikuwa na kemikali hizo, si kwa kiwango cha kufunga shamba, bali kwa kiwango cha kuchagua zao. Wataalamu walimweleza mama huyu kanuni ambayo ilimpa huzuni: kwa kawaida mimea hupeleka kemikali hizo zaidi kwenye majani kuliko kwenye matunda na nafaka. Mahindi yangefaa. Maboga yangefaa. Mboga za majani, hapana. Sheria haikumkataza kupanda lengalenga katika ekari hiyo, na nembo ingebandikwa juu yake kihalali. Alipanda mahindi na maboga.

Lakini hata hivyo haikutosha. Kwenye mpango wa shamba liliandikwa neno boga, na kila aliyelisoma aliona tunda la rangi ya chungwa. Hakuna aliyefikiria majani, kwa kuwa huko Maine majani ya maboga hubaki shambani. Kwa wateja wake majani hayo ni mboga yenyewe, huchumwa machanga, humenywa nyuzi zake na kuungwa kwa karanga. Walipoyaona yametanda walikuja na mifuko. Aliwarudisha mmoja mmoja akiwaeleza sababu, na wengine walidhani anawabania. Hapa ujuzi uliohitajika ili kumlinda mlaji haukuwamo katika kanuni, wala kwa mkaguzi, wala katika maabara. Ulikuwamo kwa mtu anayejua watu wake wanakula nini.

Huko Afrika Mashariki kumekuwa na jaribio la kuunganisha mashahidi wa aina hizi mbili. Mwaka 2007 nchi za jumuiya zilikubaliana juu ya kiwango kimoja cha kilimo hai, chenye nembo iitwayo Kilimohai. Pamoja na ukaguzi wa wakala wa nje, kinatambulika pia utaratibu wa ithibati shirikishi, ambapo wakulima wa kikundi hutembeleana, hukaguana na kuwajibika pamoja, wakati mwingine wanunuzi nao wakiwemo. Udhaifu wake uko wazi: jirani huweza kumwonea haya jirani, na karatasi ya kikundi haifiki mbali na soko la nyumbani. Nguvu yake nayo iko wazi. Jirani anajua malori yalipita mwaka gani, na anajua majani ya maboga huliwa.

Kwa hiyo thamani ya cheti si kubwa kama nembo inavyodai wala ndogo kama wakosoaji wanavyosema. Kinamwezesha mgeni kuaminiwa na wageni, na hilo si jambo dogo kwa watu ambao dunia imewahamisha kutoka masoko walikojulikana. Lakini cheti ni shahidi mwenye mipaka: kinaona alichotenda mkulima katika miaka michache iliyopita, na udongo unakumbuka mbali zaidi ya hapo. Kiswahili kina neno ithibati kwa kilichothibitishwa na neno amana kwa kilichowekwa mikononi mwa mtu ili akitunze. Cheti hutoa ithibati. Amana hubaki kwa mwenye jembe.

Fomu ya mwaka uliofuata iliuliza, kama kawaida, historia ya ardhi kwa miaka mitatu iliyopita. Mama huyo alimwambia binti yake ajaze miaka hiyo mitatu. Kisha akamwomba aongeze karatasi nyingine, isiyotakiwa na mtu yeyote, na aandike juu yake aliyoyasema yule mzee wa uzioni, matokeo ya maabara, na orodha ya mboga ambazo hazitapandwa katika ekari ya pili wakati wa uhai wake. Aliyetunza daftari kwa ajili ya mkaguzi alitaka yeyote atakayelima pale baada yake asikodishwe ardhi yenye siri.